Si kweli kwamba nilimwimbia mama mkwe

Ile klipu aliyoirekodi Kidevu, jamaa yangu wa zamani, inaanzia katikati. Mkiitazama mtaona mwanaume mzima kapiga magoti mbele ya kompyuta, bisibisi mkononi, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni, na spika za nje zinaimba "Mwajabu ee, toka nje mara moja". Mtaona na wazee wa kahawa wanapiga makofi. Msichokiona ni asubuhi nzima iliyotangulia, ambayo nilifanya kazi ya kitaalamu na hakuna aliyerekodi. Mtu akibadilisha betri ya mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, hakuna anayetoa simu mfukoni.

Kwa hiyo naandika upande wangu leo, kabla klipu haijaingia kundi la ukoo. Naambiwa imeshaingia. Haya, naandika kabla haijafika Muscat kwa shangazi.

Wanaonifuata humu mnajua: posa ilipokelewa, mahari tulikubaliana, kilichobaki ni tarehe tu. Baba mkwe ana duka la stesheneri pale Ngamiani, Tanga. Fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, na kuwajazia watu nyimbo kwenye flashi. Hiyo biashara ya nyimbo ndiyo iliyoweka spika mbili kubwa barazani, zimeelekea barabarani. Zikumbukeni hizo spika. Ng'ambo ya barabara kuna mwembe, na chini ya mwembe wanakaa wazee na birika la kahawa, wanajadili siasa na maiti za wiki. Ukumbukeni na mwembe.

Kompyuta yenyewe ni ya enzi za Pentium 4, RAM megabaiti 512, boksi lililokuwa jeupe sasa lina rangi ya chai ya maziwa. Ndani kuna Windows XP, ileile iliyotoka mwaka 2001 na ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. Mzee hataki kusikia habari ya kuhama, kwa sababu printa yake na skana ya picha vinaelewana na XP tu, na akivipeleka kwingine atanunua vipya. Hoja ya maana, sikubishana naye. Tatizo likawa virusi. Kila mteja aliyekuja na flashi aliacha sadaka yake, mpaka ukiwasha mashine saa tatu unaweza kwenda sokoni, ukarudi, ukamenya ndizi, ndipo inakuonyesha maandishi.

Mzee akauliza nyumbani, "Hivi yule mchumba wako si ndiye anayejifanya anajua kompyuta?" Mchumba wangu, kwa mapenzi yake yote, akajibu kwamba hakuna anijuaye mimi asiyejua hilo. Nikaitwa kwenda kupiga windo, yaani kuiwekea Windows upya.

Ninyi wa siku hizi mmezoea flashi. Unachomeka, unakunywa soda, kazi imekwisha. Mashine ya umri ule haijui kuanza kwa flashi. Ukiichomeka inakutazama tu. Inataka CD. Na hata CD yenyewe haiikubali hivihivi, kwa sababu kabla Windows haijaamka kuna kijiprogramu ndani ya mazabodi, bayosi, chenye orodha yake ya wapi pa kuanza kutafuta. Kwa Mzee orodha ilikuwa inasema hadi diski ("hard disk", ile diski ya ndani inayotunza kila kitu) kwanza, CD baadaye. Maana yake ni kwamba hadi diski ikiwa na uhai hata wa kukohoa, CD haitaulizwa kitu. Lazima uingie kwenye bayosi ubadilishe zamu.

Kuingia, unabonyeza Delete mara tu mashine inapowaka. Nikabonyeza. Kimya. Kibodi ya dukani ilikuwa ya USB, na bayosi ile ilikuwa haiisikii kibodi ya USB mpaka Windows iamke. Mimi nilikwenda na kibodi yangu ya zamani, ile yenye plagi ya duara ya zambarau. Mzee alipoona naitoa kwenye begi akatikisa kichwa kwa heshima, namna anavyomtikisia imamu.

Nikabadilisha zamu, CD kwanza, nikahifadhi kwa F10. Nikachomoa umeme nifungue boksi nipulize vumbi, nikachomeka tena, na mashine ikawa imesahau kila kitu. Saa yake ilisema ni Januari 2002. Kwa mujibu wa kompyuta ile mimi nilikuwa darasa la sita. Hapo fundi wa kawaida angeanza kulaumu virusi. Mimi nilimwambia Mzee, kwa sauti ya upole niliyoifanyia mazoezi, kwamba kuna betri bapa kwenye mazabodi, CR2032, volti 3, ndiyo inayoilinda kumbukumbu ya bayosi umeme ukichomolewa, nayo imekufa. Nikavuka hadi kwa fundi saa, nikarudi nayo, nikaiweka. Bayosi ikashika.

Mzee akasema, "Kumbe kijana umesoma."

Wadau, naomba hilo liandikwe mahali. Liliwahi kusemwa, na shahidi alikuwepo.

Sifa zile zikanipandisha. Kitufe cha kuwashia cha mashine hiyo kilizama ndani zamani, na Mzee amekuwa akiiwasha na kuizima kwa kugusisha pini mbili za mazabodi kwa ncha ya bisibisi, boksi likiwa wazi maisha yake yote, mijusi wanaingia na kutoka. Nikamwambia, "Hapana, Baba, leo hili tunalifunga." Nikarudi kwenye bayosi, nikatafuta kile kipengele kinachosema umeme ukirudi mashine ijiwashe yenyewe, nikakiwasha. Kisha nikarudisha kava, nikakaza skrubu zote, nikazikaza kweli, nikaisukuma mashine mpaka mwisho uvunguni mwa meza pamoja na UPS yake, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, migongo ukutani, waya umefichwa vizuri. Ukitazama ungedhani ofisi ya benki. Kuanzia hapo, kuiwasha ni kuchomeka tu plagi.

Kuhusu kuizima nilikuwa bado sijafika.

Kabla ya kufunga nilikuwa nimeshaweka CD. Kitufe cha kufungulia draivu nacho kilikufa siku nyingi, kwa hiyo draivu hiyo inafunguliwa kwa pini: kuna kitundu kidogo mbele, unaingiza ncha, unasukuma, trei inatoka. Mama mkwe ndiye aliyetoa pini ya ushungi wake akanipa. Nikaingiza mkono kwenye begi, nikatoa bahasha yangu ya CD za zamani, nikaona iliyoandikwa XP kwa kalamu ya maka, mwandiko wangu mwenyewe, nikaiweka.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo Kidevu anapodanganya.

Nimekaa kwenye kiti. Mzee amesimama nyuma ya bega langu la kulia. Mteja mmoja anasubiri fotokopi, na kuna mtoto wa darasa la tatu aliyetumwa na cheti chake cha kuzaliwa. Nachomeka plagi. Mashine inajiwasha yenyewe, Mzee anacheka kwa furaha, nami nafanya kama ni jambo dogo. Kioo kinakuwa cheusi. Mnaojua hii kazi mnajua ninachosubiri: ule mstari mweupe unaokuambia ubonyeze kitufe chochote ili ianze kwa CD. Unakaa kama sekunde tano tu, ukipitwa umepitwa, inakwenda zake kwenye hadi diski. Kwa hiyo sikusubiri niuone. Nilianza kuipiga kibodi mapema, vidole vyote kumi, kwa ari.

Mstari haukuja. Ikaja nembo ya XP, ile ya zamani, yenye vijisanduku vinavyopita.

Nikamwambia Mzee, "Usijali, Baba, inasoma." Nikaendelea kuipiga kibodi. Ikaja picha ya mezani, ile milima ya kijani, na vialama vyote vya dukani. Draivu ikaanza kuzunguka, nikaisikia inapata kasi. Nikafikiri, labda itaanzia humuhumu. Inawezekana.

Halafu Winamp, ile programu ya kupigia muziki, ikafunguka yenyewe. Kijana wa dukani aliiwekea amri kwamba CD yoyote ya muziki ikiingia, ipigwe bila kuuliza.

Ikaja kinanda. Ting. Ting-ting. Barazani, kwenye spika mbili, barabara nzima. Nikajiambia, hiki kinanda nakifahamu. Ting. Ting-ting. Mwili ulijua kabla ya akili. Masikio yalipata moto. Ndipo sauti ya mvulana aliyebaleghe wiki hiyo ikasema, "Yea. Eksipii. Tanga ndani ya nyumba."

Nieleze haraka. Mwaka 2006, kidato cha tatu, nilikuwa msanii. Kila kioo cha intaneti kafe mjini kilikuwa kinakukaribisha kwa herufi XP, nasi tuliona hayo ndiyo maendeleo, kwa hiyo jina langu la usanii likawa hilo. Kirefu chake kilikuwa Ekstra Pawa, na naomba tusilizungumzie zaidi. Tulichanga, tukarekodi nyimbo kadhaa, tukazibani kwenye CD, nikaziandika kwa kalamu ya maka: XP. Na CD ya kupigia windo, nayo nikaiandika nini? Hakimu yeyote mwenye haki ataona kwamba nilidanganywa na CD.

Nasema "tuli" kwa sababu tulikuwa wawili. Ile sauti inayoitikia "toka, toka" kwenye kiitikio ni ya Kidevu. Hilo kwenye klipu yake hajaliandika.

Wimbo wa kwanza haukuwa na ubaya. Unahusu kijana anayepanda basi kwenda Dar kutajirika. Ningeuacha ukaisha, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini nilitaka kuuzima, na ninaijua Winamp kwa moyo: Z unarudi, X unapiga, C unasitisha, V unazima, B unaruka wimbo unaofuata. Angalieni kibodi zenu. V na B zinakaa ubavu kwa ubavu, na vidole vyangu wakati ule havikuwa vyangu.

Ikaruka wimbo wa pili.

"Mwajabu ee, toka nje mara moja,
Mwajabu ee, chini ya mwembe nangoja,
Baba'ko akilala, fungua dirisha moja."

Na hapo mashine ikaganda. Mshale umesimama, kibodi imekufa, hata taa ya Caps Lock haiwaki. Wimbo ukaendelea. Kuna wanaonibishia kwamba haiwezekani, kwa hiyo sikilizeni: kwenye mashine za zamani draivu ya CD ina waya wake mwembamba unaokwenda moja kwa moja kwenye sauti. CD ya muziki ikishaanza, draivu inaweza kuiimba peke yake. Windows ikizimia, draivu haina taarifa ya msiba.

Mwembeni wakaamka. Sauti ya mzee mmoja ikapaa: "Mwajabu! Wewe Mwajabu! Unaitwa huku!" Mwingine: "Mwembe si ndio huu? Nani anangoja hapa?" Wakajitazama, wakacheka, birika likapigwa kijiko. Mimi nikafikiri, loo, angalau wazee wameupenda wimbo.

Jamani. Tangu niingie ile nyumba mama mkwe namwita Mama Salha. Kila mtu anamwita Mama Salha. Nani anamuuliza mama mkwe jina alilopewa na wazazi wake? Jina hilo wanalijua rika lake tu, na rika lake ndilo lililokuwa limekaa chini ya mwembe.

Pazia la chumba cha nyuma likafunguka. Mama akatoka, mwiko mkononi, ushungi umelegea upande kwa sababu pini yake nilikuwa nayo mimi. Akatazama spika. Akatazama wazee. Wazee wakamwimbia kiitikio.

Mzee aliyekuwa nyuma ya bega langu akainama karibu na sikio, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nani amekwambia jina la mke wangu?"

Nilifungua mdomo. Spika zikajibu kwa niaba yangu: "Mwajabu ee, tangu juzi silali." Na Kidevu, miaka yote hiyo iliyopita, akaitikia, "Toka, toka."

Kutoka mwembeni: "Baba'ke Mwajabu tulimzika sisi wenyewe! Huyu kijana anangoja alale mara ngapi?"

Nikazima swichi ya ukutani. UPS ikashika kazi, ikaanza kulia pi, pi, pi, na wallahi ilikuwa inafuata mdundo. Mzee huilalamikia UPS ile kila siku kwamba haifiki dakika. Siku hiyo ilikuwa na afya ya ajabu, na amplifaya nayo ilichomekwa humohumo. Nikataka kugusisha pini za mazabodi. Mazabodi iko ndani ya boksi nililolifunga kwa skrubu zote. Nikataka kuchomoa nyuma. Nyuma nimekubana na ukuta, kwa mikono yangu, kwa usafi. Nikaingiza pini ya ushungi kwenye kitundu cha draivu huku CD inazunguka, ikatoa mlio ambao hata wimbo wenyewe haukustahili. Basi nikapiga magoti nikaanza kufungua skrubu. Moja ikawa imeliwa kichwa, bisibisi inateleza tu.

Ni hapo ndipo Kidevu anatokea, anaulizia fotokopi. Klipu inaanza.

Najua swali lenu, limeulizwa na watu wengi mno: kwa nini hukupunguza sauti kwenye amplifaya, ilikuwa juu ya meza, usawa wa mkono wako? Swali zuri. Lingekuwa zuri zaidi siku ile.

Beti ya tatu siiandiki. Ina neno "busu" na wazee waliomba irudiwe.

Yule mtoto wa darasa la tatu ndiye aliyeweka cheti chake mezani, akalala kifudifudi, akapita uvunguni, akanyoosha mkono nyuma ya mashine, akachomoa kiwaya cha kijani cha spika. Kimya kikaingia mpaka nikasikia chungu kinachemka jikoni. Akatoka amejaa vumbi na kiwaya mkononi, akaniuliza kwa adabu zote, "Mjomba, si huu?"

Yaliyofuata hayana maelezo marefu. Mzee alikwenda kuswali adhuhuri bila kuniaga. Mama alinyoosha kiganja, nikamrudishia pini yake. Nilitoka kwa mlango wa uani. Jumapili nililipata lile CD halisi chini ya begi, nikarudi alfajiri kabla ya kahawa, mstari mweupe ukaja, nikabonyeza kitufe kimoja tu, na kufikia saa nne XP mpya ilikuwa inachapa. Printa inafanya kazi, skana inafanya kazi, mtu asinisingizie.

Mchumba wangu ana swali moja tu, nalo ni Mwajabu ni nani. Nimemwambia ni msichana wa darasani zamani hizo, ana watoto wake Korogwe. Mwajabu wa Korogwe amepata klipu, ameniandikia kicheko kirefu, na mchumba ameona ameniandikia. Wazee wa pande zote wamekutana tena kuhusu harusi. Kilemba cha baba kimebaki palepale. Mkaja wa mama umepanda.

Jana jioni Mzee akapiga simu mwenyewe. Nilisimama kuipokea. Akanisalimu vizuri, akaisifu mashine, akakohoa kidogo, halafu akasema kuna wateja, vijana wa bodaboda, wanakuja na flashi wanaulizia ule wimbo. Wanautaka kwa hela. Je, ile CD ninayo?

Nikamwambia, "Baba, kwa bahati mbaya ile ilivunjikia kwenye draivu."

Nikasikia sauti ya mama nyuma yake: "Muongo huyo. Ninayo mimi."